Mawe ya Kifusi cha Mirerani na Jicho la Mkusanyaji

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za saa hizi. Nimeulizwa kama haya mawe yanayotoka pamoja na tanzanaiti hapa Mirerani, tunayoyamwaga kwenye kifusi, yana soko kwa wakusanyaji, watu wanaonunua mawe ya kuweka na kutazama. Mengi hayana. Kwatsi nyeupe iliyopasukapasuka, kalsaiti ya kawaida, kinywe (yale madini meusi ya penseli) kilichosagika: hakuna atakayeinama kuviokota.

Lakini yapo yenye soko. Mnunuzi wa vito anatazama uzito, rangi na usafi, maana jiwe linakwenda kukatwa. Mkusanyaji halikati. Anataka fuwele, yaani kristali, kama ilivyoota, ncha nzima, ikiwezekana ikiwa bado imeshika mwamba wake. Ndiyo maana kinywe hicho hicho kinachotuchafua mikono, kikitoka kwa vibamba vya pembe sita juu ya kalsaiti, kina mtu wake. Daiopsaidi ya kijani nayo hivyo hivyo, na prenaiti, madini mengine yanayotoka humu humu.

Tazameni hili jeusi nililoshika. Ni alabandaiti, manganizi na salfa. Halipitishi mwanga, kwa hiyo wengi tunalipita. Likwaruze nyuma ya kigae, upande ule usiong'aa: linaacha unga wa kijani. Kinywe kinaacha weusi. Fuwele za alabandaiti za Mirerani zinahesabiwa miongoni mwa bora duniani, na sisi tunazivunja kwa nyundo kutafuta bluu! Wengine wanaziloweka kwenye asidi ili kalsaiti iondoke. Asidi inaila na alabandaiti yenyewe, chumba kinanuka mayai viza, na hewa ile ni sumu. Umepoteza jiwe, na kifua nacho kiko hatarini.

Vipo na vidogo zaidi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza madini mapya kutoka hapa, wakayaita merelanaiti. Ni nyuzi za kijivu, nyembamba kama nywele, zimeota juu ya mawe mengine. Kabla ya hapo zilidhaniwa ni molibdenaiti, madini mengine ya kijivu. Ukilisugua jiwe kwa brashi ya viatu, kama nilivyoona watu wakifanya, zimekwisha.

Na tanzanaiti yenyewe ya kahawia, msikimbilie kuichoma. Mkata vito anaichoma ipate bluu, sawa, ndiyo kazi yake. Fuwele nzuri yenye umbo kamili, mkusanyaji anaipenda katika rangi yake ya asili.

Kwa hiyo ukifungua pango dogo lenye fuwele, weka nyundo chini. Toa kwa mkono, funga kila kipande peke yake kwa tishu, halafu gazeti. Mfuko wa salfeti ni wa kubebea moramu, si fuwele. Andika kikaratasi: kitalu gani, kina gani, mwezi gani. Jiwe lisilojulikana lilikotoka linashuka thamani hata likiwa zuri, na dalali akidai limetoka kijiji kingine hasara ni yako.

Bei? Sitataja, maana kesho mtu atanikaba nayo. Inategemea kipande, na ufa mdogo kwenye ncha unaweza kuondoa sehemu kubwa ya fedha. Ila msipitishe chochote kwenye lango la ukuta unaozunguka migodi bila vibali eti kwa sababu si tanzanaiti. Haya nayo ni madini.

Haya, mwenye jiwe mfukoni asogee hapa mezani. Lenzi ipo, kigae kipo. Asidi nimeiacha nyumbani makusudi.