Asilimia Mia Moja ya Kitu Gani?

Ndugu wahandisi, wanaonifahamu wanajua nitakapoanzia, nami sitawaangusha: unapokagua msimbo unaoripoti maendeleo ya kupakia faili, uliza kwanza baiti zinazotumwa zimehesabiwa wapi. Mara nyingi mwandishi huchukua namba inayorudishwa baada ya kuandika kwenye soketi (mlango wa programu kuingia mtandaoni), akaijumlisha, akaigawa kwa ukubwa wa faili, akatangaza asilimia. Namba hiyo haisemi kwamba seva imepokea chochote. Inasema tu kwamba mfumo endeshi umekubali kuziweka baiti hizo kwenye bafa yake, yaani hifadhi ya muda zinamosubiri kutumwa. Mzigo uliokabidhiwa wakala wa basi haujafika Mwanza kwa sababu tu umepewa risiti.

Mtaniambia bafa ni ndogo, tofauti haionekani. Kwa video ya gigabaiti moja, nakubali. Lakini picha ndogo au fomu humezwa nzima na bafa kwa mkupuo mmoja, mstari wa maendeleo unajaa papo hapo, kisha mtumiaji anabaki akiukodolea macho huku mtandao ukisuasua. Hata baiti zikitoka kweli, huko mbele huenda kuna nginx, programu ya seva inayokaa mlangoni, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida hupokea mwili wote wa ombi (data yenyewe inayotumwa) ndipo iukabidhi kwa seva iliyo nyuma yake. Kwa hiyo nasema tena, wala sichoki: msiandike “Imekamilika” kabla jibu la seva halijarudi, andikeni “Inasubiri seva”.

Halafu kuna kutuma upya. Seva ikijibu kwa msimbo wa HTTP 307, unaoelekeza ombi kwenye anwani nyingine, au 401 inayodai uthibitisho, mwili wa ombi huenda ukatumwa tena tangu baiti ya kwanza, na msimbo unaojumlisha tu utaonyesha asilimia 140. Nimewaona wakaguzi wakiridhika na kikomo cha 100, kana kwamba kuificha namba ndiko kuirekebisha hesabu.

Muda umenitupa mkono, kwa hiyo yaliyobaki nayapitia mbio. Kihesabio cha biti 32 chenye alama (kinachobeba hata namba hasi) hakivuki 2,147,483,647. Tumieni biti 64. Jumla isiyojulikana, ambayo URLSession, zana ya mtandao ya Apple, huiwakilisha kwa -1, haifai kugawia, wala jumla ya sifuri ya faili tupu. XMLHttpRequest, zana ya vivinjari ya kutuma maombi, hupunguza taarifa zake za maendeleo ziwe takriban moja kila milisekunde 50. Nanyi wekeni breki kama hiyo. Na jaribio lililofanywa dhidi ya seva iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo msilipokee: dai mwenzako apunguze kasi ya mtandao na kukata muunganisho katikati, ndipo uidhinishe.