Miezi ya kumngoja mnunuzi: mhadhara kwa viongozi wa klabu, Mtwara

Shikamooni wazee. Vijana mliotoka Lindi, Ruangwa na Masasi, karibuni, poleni na safari.

Mada ni klabu iliyo sokoni, na hasa ile miezi ambayo mwenye klabu ameshachoka na mnunuzi bado hajaweka sahihi. Klabu ya wanachama haiuzwi kama pikipiki. Kwa utaratibu wa Tanzania wanachama hubaki na asilimia 51, mwekezaji huchukua 49. Klabu iliyo kampuni huhamisha hisa zake. Ila kwa mambo ya leo zote mbili zinaumwa ugonjwa mmoja: kila uamuzi mdogo unaofanywa wakati huu atakayeulipia ni mtu ambaye hajafika.

Anzeni na karatasi moja. Andikeni majina ya wachezaji wote, mshahara wa kila mmoja, fedha ya usajili aliyobakiza kudai, bonasi zilizoandikwa na tarehe ya mkataba kuisha. Kisha wapangeni kwa hiyo tarehe, siyo kwa umaarufu. Aliyebakiza miezi sita au pungufu, kanuni za FIFA zinamruhusu kusaini na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaondoka bila ninyi kupata hata senti ya uhamisho. Chelsea yaliwakuta mwaka 2022. Serikali ya Uingereza ilizuia mali za Abramovich, mwenye klabu, mwezi Machi, klabu ikaendeshwa kwa leseni maalumu iliyokataza kusajili na kuongeza mikataba. Rüdiger akaenda Real Madrid, Christensen Barcelona, wote bure. Mazungumzo yao yalikuwa yakisuasua tangu mapema, lakini leseni ile ndiyo iliyofunga mlango. Kwetu mlango tunaufunga wenyewe, kwa kusema “tumwachie mwenye klabu mpya ataamua”.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Kiongozi anataka mnunuzi akute kikosi kimetulia, basi anampa beki wa miaka 31 mkataba wa miaka mitatu kwa milioni 1.5 kwa mwezi. Miezi 36 ni milioni 54. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ni milioni 5.4 nyingine. Ninyi mnaona mali, wakaguzi wa mnunuzi wanaona deni la karibu milioni 60. Mpeni mwaka mmoja, na kipengele cha kuongeza mwaka wa pili akifikisha idadi fulani ya mechi.

Nafasi ikipwaya, chukueni mchezaji kwa mkopo. Wenye Manchester United walitangaza Novemba 2022 kwamba wanatafakari hata kuuza klabu. Dirisha la usajili la Januari likaleta Weghorst, Sabitzer na Butland, wote kwa mkopo. Ila someni mkataba wa mkopo kwa makini: “klabu inaweza kumnunua” ni hiari, “klabu itamnunua” ni deni lililofichwa nyuma ya kitenzi. Na iandikwe wazi nani analipa mshahara, nani anatibu goti.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ujanja ulipo. Mchezaji aliyenunuliwa milioni 60 kwa miaka mitatu, vitabu vya hesabu humpunguza thamani milioni 20 kila mwaka. Baada ya mwaka mmoja anasomeka milioni 40. Mkimuuza 50, vitabu vinaonyesha faida ya 10, ingawa mfukoni mmepoteza 10. Kijana wa timu ya vijana anasomeka sifuri, kwa hiyo akiuzwa 50, zote ni faida. Ndiyo maana klabu ikikaribia kuuzwa vijana ndio wa kwanza kuuzwa: mwaka huo hesabu zinapendeza. Ni mchanga kwenye gunia la korosho, uzito unapanda mpaka ghalani wanapolichoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli. Mnunuzi makini ataomba hesabu za miaka mitatu, aondoe mauzo yote ya wachezaji, atazame kilichobaki.

Ndugu wa ujanja huo ni kuuza mapato ya mlangoni ya msimu ujao, au kuchukua fedha ya mdhamini ya miaka miwili kwa mkupuo na punguzo. Ni kangomba ile ile, kuuza korosho kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno; watu wa Mtwara na Lindi sina haja ya kuwaeleza.

Lakini linaloangusha mauzo kuliko yote ni mishahara. Mtu anachelewesha malipo ili salio la benki lionekane nono siku ya ukaguzi. Miezi miwili ikipita bila mshahara, mchezaji anaweza kuiandikia klabu na kuipa siku 15. Zikiisha hajalipwa, anavunja mkataba kwa sababu halali, na fidia juu. Deni likifika FIFA na lisilipwe, klabu hufungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Mnunuzi gani analipia timu isiyoweza kusajili? Makato ya NSSF na kodi ya mishahara ya TRA ni hivyo hivyo: yakikatwa yapelekwe mwezi huo huo.

Kocha nitampitia haraka. Newcastle iliuzwa tarehe 7 Oktoba 2021, na tarehe 20 Steve Bruce akaondoka. Siku kumi na tatu. Basi mkataba wa kocha katika kipindi hiki uishe na msimu, na fidia ya kuvunjwa iwekewe kikomo, tuseme mishahara ya miezi miwili.

La mwisho linasahaulika kwa sababu halina kelele. Uhamisho wa kimataifa hupita kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa mtandaoni wa kuhamisha wachezaji, na kwenye klabu nyingi anayeujua ni mtu mmoja. Huyo huwa wa kwanza kutafuta kazi kwingine akisikia klabu inauzwa. Mfundisheni wa pili sasa hivi, kabla dirisha halijafunguliwa, na mhakikishe watia sahihi wa benki hawako wote upande wa anayeondoka.