Masika, Banda na Pua ya Mbwa

Ndugu zangu, karibuni, na poleni na mvua. Mwenzetu mmoja ameniambia ametoka Tabata kwa bajaji na njiani maji yalikuwa yanafika magotini. Ahsanteni kwa kuja hata hivyo.

Kila mwaka Machi ikielekea ukingoni napigiwa simu, na maneno huwa karibu yale yale: "Daktari, mbwa wangu ameharibika." Ameharibikaje? Anabweka usiku kucha. Ametafuna miguu ya kochi. Anaparua mlango wa stoo mpaka mbao zinatoka. Namuuliza mwenyewe, mara ya mwisho alitembea lini? Siku nne zilizopita, mvua haijakatika. Na siku zote hizo yuko wapi? Bandani, au kwenye mnyororo ubavuni mwa gereji.

Mara nyingi nikienda kumpima simkuti na ugonjwa wowote. Namkuta hana kazi.

Tumezoea kudhani kinachomchosha mbwa ni miguu. Akikimbia atalala, asipokimbia atatusumbua. Basi mvua ikishika tunakata tamaa, kwa kuwa hatuna pa kumkimbizia. Nawaomba leo tuiache miguu, tuiangalie pua. Binadamu ana vipokezi vya harufu vipatavyo milioni 6. Mbwa anaweza kuwa navyo hadi milioni 300. Akitoa pumzi, hewa hutokea kwenye mipasuko ya pembeni mwa pua, isije ikapeperusha harufu iliyo mbele yake. Tena hewa yenye unyevu humsaidia kunusa. Maana yake, ndugu zangu, masika dunia inamnukia mbwa zaidi, na ndipo tunapomfungia.

Tuna ushahidi wa kazi ya pua hapa hapa nchini. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Hafundishwi kwa kiboko yule panya. Akipatia anasikia mlio mdogo, "klik", kisha anapata chakula, ndizi kwa mfano. Anajifunza kwamba kutafuta kunalipa. Njia hiyo hiyo tutaitumia kwa mbwa, na vifaa viko jikoni mwenu.

Chukua chakula chake cha kawaida. Wengi wetu tunawapa ugali wa dona na dagaa. Ukikiweka kwenye bakuli anakimaliza dakika mbili, halafu ana saa ishirini na kitu za kukaa bure. Usikiweke kwenye bakuli. Chukua trei mbili za mayai, zile za karatasi, tia vijitonge na dagaa kwenye vishimo vya moja, funika kwa nyingine. Siku ya kwanza mwachie wazi aone. Siku ya pili funika nusu. Mbwa asiyejua mchezo ukimfunikia kila kitu mara moja atakata tamaa na kuondoka, nawe utasema hana akili. Mpeni muda. Kesho yake viringisha dagaa ndani ya kanga kuukuu au taulo, keshokutwa fukia ndani ya boksi lililojaa magazeti yaliyokunjwakunjwa. Akichana boksi, mwacheni achane. Ila ukiona anameza karatasi, mwondolee. Kwa mbwa wengi dakika kumi na tano za kutafuta namna hii zinatosha kuwalaza usingizi mzito.

Kulamba nako kunamtuliza. Chemsha dagaa bila chumvi, mimina mchuzi kwenye bakuli la plastiki, gandisha kwenye friji, mpe saa ambayo radi huanza. Asiye na friji ashindilie ugali kwenye kifuu cha nazi kilichokwisha kukunwa na kusuguliwa kingo. Hapo ukae naye, akianza kukitafuna kifuu chenyewe mnyang'anye kwa kumbadilishia kitu kingine. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana kabisa, inavunjika vipande vyenye ncha. Vitunguu, chokoleti na zabibu pia hapana. Vitunguu ndivyo vinavyowaponyoka wengi, kwa kuwa mnampa makombo ya mchuzi wa familia.

Watoto wakiwa nyumbani mna bahati. Watoto wanajua kombolela. Mmoja amshike mbwa, mwingine akajifiche nyuma ya mlango na kipande cha maini, amwite mara moja tu. Mbwa akimkuta, ashangiliwe. Nimeona mbwa aliyekuwa akiogopwa na nyumba nzima akibadilika ndani ya wiki mbili, kwa kuwa watoto waliacha kumrushia mawe wakaanza kumfichia vitu. Sharti ni mtu mzima awepo, na mbwa awe amechanjwa kichaa cha mbwa.

Najua wengine hamwezi kumwingiza mbwa ndani, kwa sababu ya dini au mazoea ya nyumba. Sina neno juu ya hilo, kila nyumba na heshima yake. Haya yote yanafanyika kibarazani, au bandani penyewe kama banda ni la haki. Banda la haki lina sakafu iliyoinuliwa kwa matofali au mapaleti, kona kavu, na juu ya bati pamewekwa makuti. Mvua ikipiga bati tupu mbwa yuko ndani ya ngoma, na masikio yake yanasikia sauti ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Akitetemeka kwa radi, usimpige, usimcheke. Kaa karibu naye, washa redio. Kumbembeleza hakumfundishi woga.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Usimwache mbwa kwenye mnyororo wakati wa radi, wala mafuriko. Miaka mingi nyuma nilikuwa na mbwa wa kienyeji, akiitwa Chui. Mtu aliyejiita mtaalamu wa mbwa aliniambia nimfunge mnyororo mfupi wakati wa mvua ili atulie, nami nikamsikiliza. Usiku mmoja maji yaliingia uani tumelala. Tulimkuta amesimama kwa miguu ya nyuma, maji yamefika shingoni, mnyororo umemvuta. Aliishi, lakini sijaisahau sura yake. Maji yakianza kuingia, kabla hujaokoa godoro, fungua mnyororo.

Kuna wanaoniambia, basi nimwache tu acheze kwenye madimbwi. Madimbwi ya mjini yana mkojo wa panya, na ndimo homa ya mgunda inamopita. Mnakumbuka ilivyolipuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Mbwa naye anaipata, na anaweza kuwaambukiza walio nyumbani. Kuna chanjo ya mbwa, ulizeni mtakapokuja kliniki. Mvua ikipungua mtoeni kwa dakika kumi, apite palipo pakavu, anuse kila nguzo anayotaka. Msimvute. Mkirudi mpanguseni miguu na mwangalieni kupe masikioni na katikati ya vidole.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu mbwa wake wa miaka kumi na mbili, anayechechemea na haoni vizuri. Mama, huyo ndiye anayefaidi kuliko wote. Viungo vimechoka, macho yamefifia, lakini pua mara nyingi bado inafanya kazi. Mtandikie gunia asiteleze kwenye vigae, na vitu vifiche chini, asilazimike kuruka.

Sasa mwenzangu anatuletea Kito, ana miaka mitatu, na tangu asubuhi yuko ndani ya gari kwa sababu ya mvua hii. Mnamsikia anavyolalamika. Trei hizi hapa, dagaa ni saba. Naomba watoto mkae chini, simu tuzizime, mlango ufungwe. Msitazame mkia. Tazameni pua, na msikilize pumzi zake zinavyobadilika akikaribia.