Kiwanja kwa Bei ya Ulimi: Wakveni wa Pwani ya Ruija

Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo.

Mlionisikia zamani mtaniwia radhi, maana naanzia palepale: mwaka 1902. Mwaka huo Norwei ilitunga sheria ya kuuza ardhi ya serikali huko Finnmark, kaskazini kabisa, kwenye pwani ya Bahari ya Barents. Ili uuziwe kiwanja, ilikupasa uwe raia, ujue kusema, kusoma na kuandika Kinorwei, na tena ukitumie kila siku. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Kukijua tu hakukutosha! Dola iliingia mpaka jikoni kwa mtu ikamuuliza: wanao unawaita kula kwa lugha gani?

Sasa mfikirieni Mkveni, yaani mtu wa asili ya Kifini aliye kaskazini mwa Norwei, ambaye lugha yake, Kikveni, iko karibu sana na Kifini; huyu ni wa mji wa Vadsø, huko Finnmark. Babu yake alitoka bonde la mto Torne, mpakani mwa Ufini na Uswidi. Wenzake wengine walikimbia njaa kuu ya 1866 hadi 1868. Walikuta pwani ambayo bahari yake haigandi, samaki tele, na huko Kåfjord migodi ya shaba. Pwani hiyo wakaiita Ruija, na Vadsø wakaiita Vesisaari. Kufikia 1875 zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huo walikuwa watu wa asili ya Kifini. Huyu bwana anajua kuvua, kufua chuma na kufuga. Anachotaka ni kipande cha ardhi apate nyasi za ng'ombe wake. Anaambiwa alipe fedha, na juu ya fedha aache lugha ya mama yake.

Hapa hakosi mtu wa kuninyoshea mkono: "Lakini wazazi wenyewe ndio walioacha kusema na watoto kwa lugha yao." Nimelijibu hili mara nyingi, nalijibu tena. Ndiyo, wengi waliacha. Lakini tangu 1880 walimu walikuwa wameagizwa wafundishe kwa Kinorwei. Mwaka 1905 likafunguliwa bweni la shule huko Neiden, na mengine yakafuata, watoto wa Kisami, yaani wa wenyeji wa asili wa kaskazini, na wa Kikveni wakalala mbali na wazazi wao. Ungekuwa wewe, mwanao anakwenda huko akiwa na umri wa miaka saba, ungemfungia lugha gani kwenye mzigo wake? Mama aliyenyamaza alikuwa anamkinga mtoto. Msimtwike yeye deni la waliotunga sheria.

Na walihofia nini? Mpaka. Ufini wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, basi wavuvi na wafugaji waliosema lugha ya jirani wakaonekana mlango wa adui. Lugha ilipumua kwenye ibada za Walaestadia, wafuasi wa mhubiri Lars Levi Læstadius, kwa sababu kwao Kifini kilikuwa lugha ya kumwomba Mungu, na hapo afisa wa ardhi hakuwa na la kusema.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya nyumba za Varanger, eneo la huko Vadsø, ambazo watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja, ukamlisha mnyama bila kukanyaga theluji. Na juu ya sauna, yaani chumba cha kuogea kwa mvuke. Majeshi ya Ujerumani yalichoma karibu mkoa mzima mwaka 1944. Kijiji cha Bugøynes kilisalimika, na Vadsø bado ipo nyumba ya Tuomainen, sasa ni sehemu ya makumbusho. Nendeni mkaione, siipuuzi. Lakini mbao zilizotunzwa hazisemi neno.

Mwaka 1977 Mfalme Olav wa Norwei, Mfalme wa Uswidi na Rais Kekkonen wa Ufini walisimama pamoja Vadsø kuzindua mnara wa wahamiaji. Kikveni chenyewe kilisubiri hadi 2005 ndipo kikatambuliwa kuwa lugha kamili, na Bunge la Norwei likaomba radhi kwa sera hiyo Novemba 2024. Huko Pyssyjoki, kijiji ambacho kwa Kinorwei ni Børselv, ipo taasisi ya Kikveni, na sasa kuna watu wazima wanaojifunza darasani maneno ambayo bibi zao waliyasema jikoni kwa sauti ya chini.

Kuhusu tofauti ya Kikveni na Kifini, sijaigusa. Mwenye swali hilo anifuate kwenye chai.