Kompyuta ya Mezani ya Mtumba: Kuipangusa Ndani, Kuiondolea Virusi na Kuirudishia Kasi

Karibu mtazamaji. Kompyuta iliyo mbele yetu leo ni ile ya mtumba inayouzwa sana Kariakoo na Luthuli Avenue: OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP iliyomaliza kazi ofisini Ulaya, prosesa ya i5, RAM ya GB 4 au 8, diski ya GB 500. Ni mashine ngumu. Ikianza kuwa nzito, kujizima yenyewe, au kugeuza folda zako za flashi kuwa shotikati, usikimbilie kupiga Windows upya. Mara nyingi tatizo ni vumbi, diski iliyochoka, au kitu kilichoingia na programu ya bure isiyotakiwa kuwa ya bure.

Andaa bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi ya inchi 1, blowa, raba ya penseli, betri ndogo ya CR2032, na diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Tenga nusu siku. Kazi ya mikono haifiki hata saa moja. Muda mwingine wote ni wa kusubiri.

Tunaanza na kunakili mafaili, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Diski ya miaka saba inaweza kuishi mwaka mzima ikifunguliwa Word tu, halafu ikafa siku unapoilazimisha kusoma kila faili ili kutafuta virusi. Kwa hiyo fungua folda ya mtumiaji, kamata Desktop, Documents, Pictures na Downloads, nakili kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Usiiache imechomekwa wakati wa kusafisha, maana virusi vikiwepo vitaiingilia nayo. Na kama wakati wa kunakili unasikia diski inagonga tik, tik, tik, na kasi inashuka hadi sifuri, simama hapo hapo. Okoa yale muhimu tu, kisha nunua diski nyingine. Hakuna programu ya kutibu mlio huo.

Sasa zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili chaji iliyobaki iishe. Ibebe nje, barazani au uani. Vumbi hili si la kupuliziwa sebuleni.

Vuta kishikizo cha ubavuni. Mashine nyingi za aina hii hufunguka bila hata skrubu. Kabla ya kuingiza mkono, gusa bati la kasha ili umeme tuli ulio mwilini uishie hapo. Tazama katikati ya bodi: kuna feni, na chini yake au nyuma yake kuna mapezi membamba ya aluminiamu. Hapo ndipo penye kazi. Kwa juu feni inaweza kuonekana safi kabisa, lakini ukimulika tochi kwenye mapezi utakuta vumbi limeshonana na kuziba njia yote ya hewa. Feni inazunguka kwa kelele, hewa haipiti, joto la prosesa linapanda, na prosesa yenyewe inapunguza kasi ili isiungue. Likizidi, mashine inazima ghafla. Ndiyo maana kompyuta inakuwa sawa asubuhi, halafu saa nane mchana inaanza kusumbua.

Shika pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke, kisha lainisha vumbi kwa brashi, ndipo upulize. Usipulize feni ikiwa huru: inazunguka kupita mwendo wake, beringi zinaharibika, na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Blowa ikae umbali wa sentimita 30 hivi, na kama ina joto, zima joto. Wako wanaopeleka kompyuta kwa fundi pancha wapuliziwe na kompresa. Acha. Hewa ya kompresa ile hutoka na maji na mafuta, na vyote viwili vinabaki kwenye bodi. Boksi la umeme lenyewe, lile lenye waya nyingi, lipulizie kupitia matundu yake tu. Usilifungue, kwa sababu kapasita za ndani hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomoa waya. Wanaoishi pwani, karibu na bahari, fanyeni kazi hii kila baada ya miezi mitatu au minne. Vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi hushika na kuanza kula chuma.

Wakati kasha liko wazi, toa RAM, kile kibao cha kumbukumbu kilichosimama kwenye bodi. Sukuma vishikizo vya pembeni, kibao kitainuka chenyewe. Sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba, taratibu, pangusa mabaki, kisha rudisha hadi usikie vishikizo vikibana. Ukiwasha mashine ikapiga bip bip bila picha, RAM haijakaa, itoe, uirudishe.

Halafu ile betri ya duara. Kama saa ya kompyuta yako hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme ukikatika, CR2032 imeisha. Watu huivumilia, lakini ina madhara: tarehe ikiwa si sahihi, kivinjari hukataa vyeti vya usalama vya tovuti na kukuambia muunganisho si salama, hata ukifungua benki au barua pepe. Wengi hapo hudhani wamedukuliwa. Bana kishikizo kidogo, betri inaruka, weka mpya maandishi yakiwa juu. Ukiwasha mara ya kwanza, ingia BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, urekebishe tarehe na saa.

Krimu ya prosesa, ile ya kijivu inayopitisha joto, ibadilishe tu kama baada ya usafi huu feni bado inapiga kelele kompyuta ikiwa haifanyi kazi yoyote. Futa ya zamani kwa spiriti ya asilimia 90 na kuendelea, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, funga skrubu kwa kupishanisha kona. Ukijaza nyingi unazuia joto badala ya kulipitisha.

Funga kasha, washa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kidirisha hiki, Task Manager, ndicho kitakachokuambia ugonjwa uko wapi. Subiri dakika tano baada ya kuwasha, kisha tazama safu tatu: CPU, Memory na Disk. Disk ikiwa asilimia 100 na CPU iko chini ya 20, tatizo ni diski ya kuzunguka. Hapo unaweza kufuta programu mpaka uchoke, mashine itabaki nzito. Dawa ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hata ya GB 240, na tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Memory ikikaa juu ya asilimia 85 huku umefungua kivinjari tu, ongeza RAM ifike GB 8. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, nunua SSD kwanza.

Fungua sehemu ya "Startup" na uzime vinavyojiwasha bila kazi: programu za kupakua mafaili, za michezo, za kupiga simu za video. Kuzima hapa hakufuti programu. Usizime cha sauti wala cha usalama.

Nafasi ya diski sasa. Nenda "Settings", "System", "Storage", kisha "Temporary files". Hapa kuna mtego: kwenye orodha hii kuna mstari wa "Downloads". Ukiuwekea tiki, folda yako yote ya vitu ulivyopakua inafutika, pamoja na vyeti na fomu ulizohifadhi humo. Uache bila tiki. Vingine unaweza kufuta. Lenga kubaki na asilimia 15 hadi 20 ya diski ikiwa wazi. Programu zinazojitangaza kusafisha rejista na kuongeza kasi mara mbili, usiziweke kabisa. Hazina kinachoongezeka, na nyingine ndizo zinazoleta matangazo.

Tuje kwenye virusi, na hapa tusiharakishe. Virusi vya shotikati vinafanya hivi: unachomeka flashi, folda zako zinafichwa, na badala yake zinatokea ikoni zenye jina lile lile na mshale mdogo kwenye kona. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, lakini nyuma ya pazia kuna skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha, imeshaendeshwa. Mafaili yako hayajafutika, yamefichwa tu, kwa hiyo usifomati flashi.

Kosa la wengi ni kusafisha flashi kwanza. Kompyuta ikiwa bado inaumwa, sekunde chache baada ya kuchomeka inaichafua tena. Anza na kompyuta. Kwenye Task Manager tafuta wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha skripti, ukiiona na hukuiwasha, bofya "End task". Bonyeza Windows na R, andika shell:startup, Enter. Faili geni lenye mwisho wa .vbs au .js, au shotikati usiyoitambua, futa. Halafu fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", chagua ukaguzi wa Microsoft Defender Offline (Defender ni kinga ya virusi ya Windows yenyewe). Mashine itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, takriban dakika 15. Baada ya hapo fanya "Full scan", uiache hata usiku kucha.

Ndipo uchomeke flashi. Tuseme imejitokeza kama E. Fungua Command Prompt, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Folda halisi zitarudi. Futa zile shotikati, na faili lolote la .vbs, .js au .exe usilolijua. Ili uone miisho hiyo, washa "File name extensions" kwenye menyu ya "View" ya File Explorer na uiache hivyo daima, maana bila hiyo Mtihani.docx.exe huonekana Mtihani.docx.

Uliumwaje mara hii na utaumwaje tena? Kwa kraki, yaani programu ya kukwepa leseni. Kompyuta nyingi za mtumba huuzwa zikiwa zimeamshwa kwa kifaa cha kuiba leseni, na kifaa hicho huomba kwanza uzime kinga ya virusi. Kagua hivi: bonyeza Windows na R, andika slmgr /xpr. Ikikujibu kwamba uamshaji utaisha tarehe fulani, kompyuta ya nyumbani haipaswi kuwa hivyo. Ni dalili ya uamshaji wa siku 180 unaojirudia kwa kificho. Kisha ingia tena "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka hadi "Exclusions". Folda iliyoorodheshwa humo Defender haikagui kabisa. Kama hukuiweka wewe, iondoe na urudie ukaguzi. Na kinachoudhi zaidi ni kwamba mashine nyingi za aina hii zina leseni yake halali ndani ya bodi; ukipiga Windows safi ya toleo lile lile, mara nyingi inajiamsha yenyewe bila kraki.

Masasisho. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa nyongeza unaofika 13 Oktoba 2026, na unajiunga kwenye ukurasa wa "Windows Update". Kwa Windows 11 soma namba ya prosesa: i5-6500 ni kizazi cha 6, haikubaliki rasmi, i5-8500 ni cha 8, inakubalika. Ukienda dukani basi, OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2 ni za kizazi cha 6, ilhali 7060 na 800 G4 ni za 8. Tofauti ya bei inajilipa. Kwa mashine isiyokubalika, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inatosha kwa intaneti, filamu na kuandika.

Kama unatumia bando la simu, weka mtandao huo kuwa "Metered connection" ili Windows isimalize MB zako kimya kimya. Lakini usiusahau hapo. Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 2 au saa 3 usiku kwa saa zetu. Wiki hiyo tafuta bando la usiku, pakua yote, kisha chagua "Restart", si "Shut down". Kwa mipangilio ya kawaida, "Shut down" huhifadhi sehemu ya mfumo badala ya kuuzima wote, na hitilafu ndogo huamka nayo kesho yake.

Watoto wafungulie akaunti ya "Standard user", ili programu isiwekwe bila nywila yako. Barua pepe iwekee uthibitisho wa hatua mbili. Na yale matangazo ya kona ya chini yanayosema kompyuta ina virusi 5, hayo ni arifa za tovuti uliyoiruhusu mwenyewe: kwenye Chrome fungua "Settings", "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", uondoe kila usiyoijua.

Mwisho ni umeme. Kinachoua diski na boksi la umeme ni kukatika na kurudi kwa kishindo. UPS, yaani boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, ya VA 650 yenye AVR (kidhibiti cha volti) inatosha kompyuta ya aina hii na skrini yake, kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Usichomeke printa ya leza humo. Inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS itakata. UPS ikianza kuzima papo hapo umeme unapoondoka, usiitupe: nyingi za ukubwa huo hutumia betri ya volti 12, Ah 7. Fungua, soma lebo ya betri, kanunue inayofanana, na unapoiunganisha hakikisha waya mwekundu unakwenda chanya.