ESP32-CAM Inakataa Kuflashi? Pima Volti Kwanza Kabla Hujagusa Kodi ya Programu

Mambo vipi mafundi, leo tunayo hii ESP32-CAM, kale kabodi kenye kamera ambako kila siku mnaniandikia "bro imekufa", haijakufa, imeshinda njaa tu.

Waya fasta fasta, kutoka adapta ya USB inayounganisha bodi na laptopu: TX ya adapta iende U0R, RX iende U0T, VCC yake iende 5V, IO0 unaiunga na GND ili bodi ikubali kuflashi, hayo mnayajua. Nabonyeza reseti, naaplodi programu, ndo kuflashi kwenyewe... vinukta... vinukta... haya, Failed to connect. Safi, ndo nilikuwa naitafuta. Usikimbilie kufuta draiva wala kuinstoo Arduino upya, chukua multimita.

Ncha nyeusi GND, nyekundu kwenye pini ya 5V. Ngoja taa inamulika, nageuza kidogo... 3.28. Pini imeandikwa 5V inapata 3.28! Ya 3V3 je? 2.2. Katikati kuna regulata AMS1117, ya kushusha volti 5 kuwa 3.3, yenyewe inakula kama volti moja hivi, sasa chipu inayotaka 3.0 mpaka 3.6 itaongeaje na laptopu?

Mchawi ni hiki kijampa cha njano, kale kakifuniko ka kuchagua volti, kwenye adapta yangu ya FT232RL, kiko kwenye 3.3. Na usiseme basi nitahamishia waya pini ya 3V3, maana hiyo 3.3 inatoka ndani ya chipu ya FT232RL, miliampia 50 tu, wakati Espressif, wenye chipu ya ESP32, wanashauri sapulai ya miliampia 500.

Wengi wanasukuma jampa kwenye 5V wanamaliza. Itaflashi, sikatai, ila kwenye adapta hii TX nayo inapanda volti 5 na pini za ESP32 ni za 3.3, mimi roho haitulii. Mi naacha jampa 3.3, nachomoa waya wa VCC ya adapta, halafu 5V naleta kutoka chaja ya simu.

Sasa hapa tulia. TULIA. Pini ya 5V na ya 3V3 zinatazamana huku mwisho wa bodi, ukiigeuza tu zimebadilishana upande. 5V ikiingia 3V3 inapita moja kwa moja kwenye chipu, hapo hamna cha kutengeneza. Chomoa chaja kwanza, soma maandishi, chomeka waya, soma tena. Umesoma? Soma tena. Na ile VCC jirani na U0R ni ya kutoa umeme, usiilishe. GND ya chaja na GND ya adapta zikutane, la sivyo hawaelewani.

Nawasha, napima... 4.4? Ah, hii kebo ni nyembamba kama uzi, inaweza ikaflashi lakini Wi-Fi ikiwaka inaporomoka, utaona Brownout detector was triggered, yaani volti imeshuka mno, mpaka uchoke. Nabadilisha kebo... 4.97, haya ndo mambo. Reseti, aplodi, Connecting... asilimia inapanda, imemaliza. Toa waya wa IO0, reseti tena, kamera hiyo.

Kama hutaki mambo ya chaja, chukua adapta ya CP2102, ina pini ya 5V na ya 3.3 mbalimbali na TX yake ni ya 3.3, ninazo, link iko hapo chini, ukiagiza sema kama unataka na waya zake kabisa, maana zile nyembamba siuzi.