Jinsi ya Kutengeneza Faili la Pete Lisilochana Karatasi

Mugonile wa Rungwe, kamwene wa Iringa na Njombe, na wengine wote habari za leo. Niko barazani kwangu Tukuyu, mvua imepungua kidogo, kwa hiyo nadhani mtanisikia. Binti yangu ndiye ameshika simu. Leo natengeneza faili la pete, lile linalofunguka ukaongeza karatasi au ukaitoa, na nitaonyesha kazi yote mpaka lisimame kwenye rafu.

Kwanza niwaambie kwa nini nahangaika nalo wakati madukani yapo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Zamani tulitumia kaunta buku. Ukimpa kila mwanachama kurasa nne, yule anayekopa mara kwa mara zinamwishia mwezi wa tano, unamhamishia nyuma kabisa ya daftari, na siku ya kugawana unafunua mbele na nyuma mpaka kichwa kinauma. Tukanunua faili la pete, karatasi za kila mtu zikakaa pamoja. Tulifurahi, mpaka masika yaliyopita. Tunafungua sanduku siku ya kikao, karatasi kumi na kitu zimechanika matundu, na ya mama mmoja haipo kabisa. Miezi saba ya hisa zake. Tulizipata kwa sababu kitabu chake cha nyumbani kilikuwa na mihuri yote, lakini nilimwona alivyokaa kimya pale kwenye benchi akisubiri tumalize kukagua. Usiku ule nililiweka lile faili kwenye taa nikaanza kulifunga na kulifungua, nikitafuta kosa liko wapi.

Sogeza simu karibu, mwanangu. Hili hapa ndilo lenyewe. Pete zake ni za duara, na bati lililoshika pete limepigwa riveti, vile vijiti vya chuma vinavyogongwa vikabana, kwenye mgongo wa faili. Sasa nalifunga taratibu, tazameni karatasi za chini. Limekuwa wazi, mgongo umelala mezani. Ninapolifunga, mgongo unasimama, na pete zinageuka pamoja nao. Karatasi za chini inabidi ziburutwe kuufuata ule mviringo. Na zinaburutwa na nini? Na matundu yake yenyewe. Mmeona hiyo ilivyojikunja? Kila kikao tunalifungua na kulifunga mara ishirini, thelathini. Karatasi iliyonyonya unyevu wa huku kwetu haiwezi kushindana na chuma.

Kwa hiyo jambo la kushika ni hili: bati lisikae mgongoni, likae kwenye jalada la nyuma, na pete ziwe za umbo la herufi D. Hapo ukifunga, kinachozunguka ni mgongo na jalada la mbele tu. Bati limetulia, karatasi zimetulia. Na kwa sababu D ina upande ulionyooka, karatasi zinapangana wima juu ya mwenzake, kingo zote sawa, badala ya kulala mshazari kama kwenye duara.

Chuma chenyewe sinunui kipya. Ofisi nyingi hutupa mafaili yaliyochanika jalada wakati pete bado nzima, omba tu. Hiki nilikitoa kwenye faili bovu kwa kutoboa vichwa vya riveti kwa drili. Kabla hujakichukua, kagua mambo mawili. Funga pete, inua mwangani, utazame pale meno yanapokutana. Ukiona mwanga, au karatasi inapita, achana nacho, kitakumwagia kurasa njiani. Halafu weka rula, pima kutoka katikati ya pete hadi katikati ya pete inayofuata. Lazima ipatikane milimita 80.

Hiyo 80 si ya kubahatisha. Ni kipimo cha kimataifa, ISO 838: matundu mawili yaachane milimita 80, kila tundu liwe na upana wa milimita 6, na katikati ya tundu iwe milimita 12 kutoka ukingo wa karatasi. Mjerumani mmoja wa mji wa Bonn, Friedrich Soennecken, ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya panchi, mashine ya kutobolea karatasi, mwaka 1886, na mpaka leo panchi unayonunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, inatoboa karatasi inayoingia kwenye faili lililotengenezwa Ujerumani. Marekani wao wana pete tatu zenye kuachana milimita 108, na karatasi yao ni fupi kuliko A4, ina milimita 279 wakati yetu ina 297. Ukipewa faili lao, usilazimishe kwa kuongeza tundu la tatu kwa kalamu. Tundu la kalamu lina ncha ncha pembeni, na kila ncha ni mahali pa kuanzia kuchanika.

Changu kina pete nne. Za mbili zinafaa kwa barua za ofisini zinazoguswa mara moja kwa mwaka. Karatasi ya kikundi inashikwa kila wiki, tena na mikono mingi, kwa hiyo nataka mzigo ugawanywe kwenye matundu manne.

Haya, tukate. Nahitaji kadibodi ngumu ya milimita 2, ile ya kijivu ya nyuma ya kalenda kubwa. Wachapaji wanakuwa na vipande. Boksi la sabuni lenye mawimbi ndani usilitumie, gundi ikikauka linajikunja na riveti zinadidimia. Majalada mawili, kila moja urefu 315 na upana 260, zote milimita. Mtu atauliza kwa nini 260 wakati A4 ina 210. Kwa sababu karatasi haianzii ukingoni, inaanzia kwenye pete. Na ile mifuko ya nailoni ya kuwekea vyeti ina upana zaidi ya karatasi, kwa vile ukanda wenye matundu uko nje. Jalada likiwa jembamba, mifuko inachomoza na kuchanika mdomo.

Mgongo unapimwa kwa chuma chako, si kwa changu. Liweke bati mezani, pete zimefungwa, pima kutoka mezani hadi juu ya pete, uongeze milimita 5. Mimi nimepata 50, kwa hiyo mgongo wangu ni 55 kwa 315.

Kabla ya kukata, kunja kadibodi kidogo kwa viganja, huku na huku. Upande mmoja utakubali kwa urahisi, mwingine utakataa. Nyuzi zinakwenda sambamba na mkunjo ule uliokubali. Hakikisha nyuzi zinakwenda kutoka juu hadi chini, sambamba na mgongo. Ukizilaza kinyume, jalada litapinda kama bati la mabanda baada ya mvua mbili.

Kitambaa: nimechagua kitenge, kipande cha sentimita 63 kwa 36. Kitenge kinavujisha gundi, kwa hiyo jana nilikibandika karatasi nyembamba kwa ndani, kwa uji mzito wa unga wa ngano, nikakianika kivulini. Kama una kitambaa cha makochi cha ngozi bandia, huhitaji hatua hiyo, na kwa maji kinavumilia zaidi. Mimi napenda kitenge kwa sababu ndiyo sare ya kikundi chetu.

Napaka gundi nyeupe ya mbao kwenye kadibodi, si kwenye kitambaa, tena nyembamba. Jalada la mbele, acha nafasi ya milimita 7, mgongo, acha nafasi ya milimita 7, jalada la nyuma. Nafasi hizo ndizo bawaba. Ukizibana, faili halifungi mpaka mwisho. Ukizipanua, linalegea kama mlango uliotoka misumari. Nimekata kipande cha kadibodi cha milimita 7 nakitumia kama kigezo, nakiweka, napanga, nakitoa. Pembe za kitambaa zikate mshazari, ubakize kama milimita 4 kutoka kwenye ncha ya kadibodi, halafu kunja kingo ndefu kwanza, kisha fupi. Ile ncha ndogo inayobaki isukume ndani kwa ukucha.

Ndani napiga karatasi ya kaki. Hii ya kaki ni ndugu yetu wa karibu, kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiko hapo Mufindi, na misitu ya misonobari ya Sao Hill mnaiona mkipita Mafinga. Kaki inafunika mgongo kwa ndani na kuingia kwenye zile nafasi mbili. Chukua mgongo wa kijiko, sugua mpaka kaki ilale ndani ya mfereji. Usiiruke hatua hii. Ukiweka kitambaa upande mmoja tu, kikikauka kinavuta, na jalada linapinda. Kaki inavuta upande wa pili, vinalingana.

Sasa weka ubao juu, matofali manne, mpaka kesho. Najua utatamani kuchungulia. Usichungulie.

Hili nililiandaa juzi, limekauka. Fungua, jalada la nyuma liwe kulia kwako. Weka bati milimita 5 kutoka ukingo wa jalada ulio jirani na mgongo, pima juu na chini zilingane. Na angalieni D imekaaje: upande ulionyooka uwe mbali na mgongo, uliopinda ndio uelekee mgongoni. Ukigeuza, karatasi zitashindwa kupita kwenda upande wa pili. Weka alama za matundu kwa penseli, toboa kwa drili ndogo. Riveti nampelekea fundi viatu wa stendi, anazipiga kwa dakika tano. Mwambie aweke washa, kile kipete bapa cha chuma, kwa nje, upande wa kitambaa, ili kichwa kisizame kwenye kadibodi. Kama fundi hayupo, boliti ndogo yenye nati inafanya kazi, ila kata mkia wake usije ukakwaruza. Vichwa vya nje navifunika kwa kipande cha kitenge.

Karatasi nazo zina adabu yake. Ikunje karatasi moja katikati, bila kuikandamiza yote, fanya alama ndogo tu ukingoni. Alama hiyo ikae sawasawa na mshale wa panchi. Kwa matundu manne, panchi nyingi zina rula ya kuvuta ubavuni, tafuta alama ya 888. Vuta hadi hapo, toboa, geuza karatasi juu chini, toboa tena. Utapata tundu la kwanza milimita 28.5 kutoka juu. Toboa karatasi nane au kumi kwa mkupuo, usizidishe. Ukijaza panchi, za chini zinasogea kidogo, na tundu lililosogea milimita 2 tu linavutwa kila siku.

Karatasi za wanachama naziimarisha. Situmii selotepu, inageuka njano na gundi yake inanasa jirani. Nakata ukanda wa karatasi wa milimita 20, naubandika kwa uji wa ngano ukingoni, nasubiri ukauke, ndipo natoboa vyote kwa pamoja. Shika hapa, mwanangu, vuta. Vuta kweli. Imeshika.

Kufungua pete, bonyeza vishikio vya juu na chini kwa wakati mmoja. Usizivute pete kwa vidole, utazipinda na ule mwanga tuliokagua utatokea. Na usilijaze. Rimu moja ya karatasi 500 za gramu 80 ina unene wa kama sentimita 5. Pete zangu ndani zina milimita 40, kwa hesabu zinameza karatasi mpya kama 400. Mimi naishia 300, kwa sababu karatasi iliyoandikwa, ikapigwa muhuri wa wino na kushikwa na mikono yenye jasho, inavimba.

Ukingo wa chini usugue na mshumaa mpaka ung'ae, unyevu wa rafu usipande. Na lisikae kwenye sakafu ya saruji.

Limebaki moja, na hili ni la fedha za watu. Faili linaloruhusu kuongeza karatasi linaruhusu pia mtu kuitoa kimya kimya. Kwa hiyo kila karatasi juu kulia naandika hivi, tazameni: mwanachama namba 14, karatasi ya 3. Na kila karatasi mpya ninayoiingiza inaandikwa kwenye kaunta buku, tarehe, namba, sahihi yangu na ya katibu. Daftari la kushonwa halikubali kupunguzwa bila alama, ndilo linalolinda faili. Mwanachama namba 14 ndiye yule mama. Karatasi yake mpya nimeiandika upya yote, nitamkabidhi Jumamosi alinganishe mstari kwa mstari na kitabu chake kabla sijaifungia humu.

Ndaga fijo. Mvua inarudi, ngoja niingize haya matofali ndani.